Kijana wangu kamwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, nimemkataza kugusa gari tena

BARUA

Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mzazi, nipo Kihonda hapa Morogoro, na nina jambo linaninyima raha nyumbani, upande mmoja ni la gari upande mwingine ni la mtoto, hata sijui nianze na lipi.

Nina Subaru Forester ya 2004, automatiki, niliinunua kwa mtu na kwa kweli haijawahi kunisumbua. Sevisi zote nilikuwa nampelekea fundi wangu wa siku zote. Sasa kijana wangu wa pili kamaliza kidato cha sita yupo tu nyumbani anasubiri matokeo, na huyu tangu mdogo anapenda vyuma, pikipiki ya jirani ikigoma yeye ndo anaitwa, akaniomba baba niachie mimi nifanye sevisi ya oili, ni kazi ndogo, nimeangalia video YouTube nimeelewa, hela ya fundi tutaibakiza. Nikakubali. Nikamnunulia galoni la lita 4 na filta, mimi nikaenda zangu msibani Mikese nikarudi jioni.

Nikakuta mtoto kakaa chini kajiinamia. Nikamuuliza akanieleza yote. Kumbe aliinua gari kwa jeki yake ile ya kwenye buti akaingia chini, akakuta nati namba 17 akaifungua, ikatoka oili akaikinga kwenye beseni. Anasema iliyotoka ilikuwa nyekundu, akashangaa kidogo lakini akajiambia labda fundi aliweka oili nzuri ndo maana haijawa nyeusi. Akafunga nati, akabadili filta, akamimina lita 4 zote juu, akawasha. Moshi ukatoka nyuma mpaka majirani wakatoka nje. Akaweka D gari haiendi, anakanyaga mafuta injini inalia tu, baadaye ikasogea kwa shida, akafika nayo hadi pale barabarani akaona hapana hii siyo, akageuza akairudisha hivyo hivyo.

Fundi alikuja kesho yake, akaiwasha, akaweka gia mbele, nyuma, akasema mzee giaboksi imekufa hiyo, agiza ya mtumba Dar, akanitajia hela ambayo kwa sasa sina kabisa.

Mimi nilikasirika sana mwanangu. Nilimfokea mbele ya wadogo zake, nikamwambia kuanzia leo asiguse gari yangu, na habari za VETA, chuo cha ufundi, alizokuwa ananiimbia kila siku azisahau, atafute cha kusoma kisichohusu vyuma. Sasa mtoto mezani haji, akisikia mlango wangu anatoka nje, mjomba wake naye akija anamtania "fundi giaboksi" na wenzake wa mtaani wamelidaka hilo jina. Mama yake ananiambia nimemvunja moyo mtoto kwa ajili ya chuma. Oili ile nyekundu ipo kwenye dumu nyuma ya nyumba, mama kakataza isimwagwe, sijui anaiwekea nini.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kweli giaboksi ndo imekufa? Na huyu mtoto, nimruhusu kushika gari tena au msimamo wangu ndo sahihi? Maana na mimi sitaki kulea mtu wa kubahatisha kwenye mali za watu.

Baba wa watoto wanne, Morogoro

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Pole sana, na asante kwa kueleza kila kitu kwa mpangilio maana wengi huwa wanaandika tu "gari haiendi nifanyeje".

La haraka kwanza: giaboksi usinunue, na gari usiiwashe tena mpaka umalize kusoma hapa. Hata fundi akija akasema ngoja niisikilize kidogo, mwambie hapana.

Sasa kabla ya giaboksi, niruhusu mzee niseme kitu ambacho kwenye barua yako kimepita kwa nusu mstari, mimi nilipofika hapo nikashindwa kuendelea kusoma. Umesema aliinua gari kwa jeki ya kwenye buti akaingia chini. Ile jeki imetengenezwa kwa kubadilisha tairi basi, mtu anakaa pembeni, siyo kulala chini ya gari. Forester ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na pale alipokuwa anaikaza au kuifungua ile nati kwa nguvu, gari lote linatikisika juu ya kijichuma kimoja kilichosimama kwenye udongo. Watu wanakufa hivyo, mafundi wazoefu kabisa, siyo watoto. Kati ya yote aliyokosea siku ile hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo pekee ambalo hakuna mtu hapo nyumbani amemwambia, kwa sababu bahati nzuri halikuleta madhara. Kwa hiyo leo leo muite umwambie, na usimwambie kwa kufoka, mwambie kwamba uliogopa ulipofahamu alilala chini ya lile gari. Halafu mnunue stendi za jeki, zile za miguu mitatu au minne zenye meno ya kupandishia, ziwe mbili. Jeki inainua, stendi ndo inabeba, na matairi yanayobaki chini yanawekewa mawe mbele na nyuma. Kama stendi hazipatikani hapo, pelekeni gari gereji yenye shimo mkaombe nafasi, wengi wanakubali kwa hela ndogo. Mpaka kimoja kati ya hivyo kiwepo, mtu asiingie chini ya hiyo gari.

Haya, tuje kwenye giaboksi.

Mzee, kosa alilofanya kijana wako kwenye Subaru ni maarufu dunia nzima. Kwenye Forester za umri huo injini imelala kwa urefu, imekaa mbele kabisa, nyuma yake inafuata difu ya mbele, yaani meno yanayogawa nguvu kwa matairi ya mbele, nyuma yake tena ndo giaboksi, vyote vimepangana mstari mmoja na kila kimoja kina nati yake ya kumwagia oili. Na nati ya injini na ya giaboksi zote ni namba 17. Spana ile ile inaingia kote. Mtu akishaona video ya gari nyingine, Vitz kwa mfano, anaingia chini ya Subaru akiwa anatafuta nati moja, akikuta ya kwanza inayolingana na spana yake anajua ndo yenyewe. Hata gereji wanaofanya sevisi za haraka haraka hili linawatokea, ila wao wakikosea mteja huwa haambiwi.

Kilichotokea ni hivi. Ile nyekundu iliyotoka ni ATF, wengi tunaiita haidroliki ya gia. Giaboksi ya gari yako inabeba lita 9 na kitu, lakini ukifungua nati ya chini inatoka karibu nusu yake tu, nyingine inabaki ndani ya toki konveta, kile kibuyu kinachopokea nguvu ya injini, na kwenye mabomba. Ndo maana gari ilisogea kidogo. Giaboksi ya automatiki haina klachi ya kukanyaga, nguvu ya injini inapita kwenye hiyo ATF yenyewe, kuna pampu ndani inaifyonza na kuisukuma kwa presha ili klachi za ndani zibane. ATF ikipungua pampu inafyonza hewa, presha hakuna, klachi zinateleza, injini inalia gari limesimama. Yaani dalili zote alizoziona fundi wako ndizo dalili za giaboksi isiyo na ATF ya kutosha, iwe na klachi nzima au mbovu dalili ni zile zile. Simuiti fundi wako mwizi mzee, huenda hakuelezwa nini kilimwagwa. Ila kama hakuchomoa dipstiki ya ATF, kile kijiti cha kupimia oili, akaiangalia, hawezi kujua kama imekufa au haina oili, na wewe usitoe hela ya giaboksi kwa maneno ya mtu ambaye hakuchomoa dipstiki.

Upande wa injini nao una oili mara mbili, ile ya zamani haikutoka hata tone ukiacha ya kwenye filta, halafu zikaongezwa lita 4. Oili ikizidi kiasi hicho krenki inaipiga ikiwa inazunguka, inageuka povu, na povu halilainishi vyuma, halafu nyingine inapanda kwa bomba la kupumulia inaingia upande wa hewa inaungua, ndo ule moshi mliouona. Ingeendelea hivyo kwa safari ya Dodoma leo tungekuwa tunaongelea injini iliyonoki. Kijana aligeuza pale barabarani, na kugeuza kwake ndo kumeiokoa hiyo gari.

Na hapa nataka tuongee kuhusu yeye, nisiache mpaka mwisho.

Soma tena barua yako mwenyewe. Rangi nyekundu, nati namba 17, kwamba alishangaa, kwamba alijiambia labda ni oili nzuri, kwamba alifika barabarani akageuza. Hayo yote umeyajua wapi? Kakuambia yeye. Hakuna aliyekuwa naye chini ya gari. Angeweza kukwambia gari imezima yenyewe tu, ungeamini, na fundi angebadilisha giaboksi ukalipa na injini ikaendelea kutembea na lita 8 za oili mpaka inoki, na mpaka unaingia kaburini usingejua. Kijana wa miaka hiyo aliyekaa chini akajieleza hatua kwa hatua mpaka wazo lililompitia kichwani, huyo siyo mtu wa kubahatisha mzee wangu. Sasa kilichomfuata baada ya kusema ukweli ni kufokewa mbele ya wadogo zake na kuambiwa aache anachokipenda. Mimi naogopa siku nyingine akikosea kitu, iwe gari iwe jambo kubwa kuliko gari, hatokuja kukueleza.

Kakosea, ndiyo, na akubali kakosea. Lakini muulize vizuri, mkiwa wawili: ulipoona imetoka nyekundu, kwa nini hukusimama? Mwache ajibu mwenyewe usimjibie. Maana kosa la kufungua nati siyo kubwa sana, mtu yeyote anaweza kufungua nati isiyo yenyewe, ATF ikawa imemwagika na mchana ule ule ikarudishwa nyingine hakuna kilichoharibika. Kosa lililoumiza gari ni kwamba aliona kitu hakifanani na alichotegemea akakitafutia maelezo ya kumruhusu aendelee. Na kulikuwa na kipimo cha bure kabisa ambacho kwenye zile video huwa hawakioneshi: ukishamwaga, kabla hujamimina oili mpya hata kikombe, chomoa dipstiki ya injini, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Ikitoka kavu umemwaga penyewe. Ikitoka imejaa oili kama kawaida, simama hapo hapo, ulichomwaga ni kitu kingine. Huyu kijana akishika hicho kimoja, gari yoyote atakayoifanyia sevisi maisha yake yote ataichomoa dipstiki kwanza, nina uhakika naye kwa hilo kuliko fundi ambaye kosa hili halijawahi kumkuta.

Na wewe mzee kuna sehemu yako, naisema kwa heshima zote. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ukamwachia galoni ukaondoka. Msiba ni msiba hauna kusubiri, lakini sevisi ingesubiri Jumapili.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba mruhusu, tena aanze na kurekebisha hiki hiki, wewe ukiwa hapo umeshika tochi. Mafundi wa mtaani wasiwepo siku hiyo, na mjomba pia asiwepo. Halafu hilo jina "fundi giaboksi" likomeshe wewe kama baba mwenye nyumba, shemeji yako atakusikia wewe, mtoto hawezi kumzuia mjomba wake.

Kazi yenyewe iko hivi.

Ile oili nyekundu ya kwenye dumu, mama kafanya jambo la maana sana kuitunza. Msiirudishe kwenye giaboksi, imeshapita kwenye beseni ina mchanga, lakini ipimeni ni lita ngapi. Kiasi kilichotoka ndicho kiasi cha kununua, ongezeni lita moja ya akiba. ATF ya hiyo giaboksi ya gia 4 ni ya jamii ya Dexron III, imeandikwa kwenye galoni. Muuza duka akiwapa ya CVT kataeni, CVT ni giaboksi zisizo na gia za kuhesabika, ni za Forester zilizokuja miaka mingi baadaye na oili zake ni nyingine kabisa.

Anzeni na injini. Gari ikiwa juu ya stendi au kwenye shimo, kama kuna kava ya chini itoeni, halafu kijana aoneshe kwa kidole sampo ya injini, lile bakuli la oili la chini, iko wapi, difu iko wapi, sampo ya giaboksi iko wapi, kabla spana haijagusa kitu. Asiposema sawa hakuna kufungua. Nati ya injini ni ile ya mbele kabisa, na itakayotoka hapo itakuwa nyingi kuliko kawaida, andaeni chombo cha lita 10 siyo beseni. Yote imwagike, hata ile mpya, imeshachanganyika. Nati irudishwe na wosha mpya, ikazwe ikae halafu iongezwe kidogo, hakuna kuning'inia kwenye spana. Filta mpya nyingine mkiweza. Mimineni oili mpya lita 3 na nusu kwanza, subirini, someni dipstiki, mwongeze taratibu mpaka alama ya juu isipite. Fungueni pia lile bomba linalotoka kwenye filta ya hewa, mkikuta limelowa oili ndani lifuteni.

Hiyo oili chafu msimwage mtaroni wala msipake kwenye mbao za banda la kuku, tafuteni gereji inayokusanya muwapelekee.

Hamwashi bado. ATF inawekwa juu, kupitia tundu la dipstiki yake, kwa faneli yenye mdomo mwembamba. Na hapa kuna mtego mwingine wa Subaru ambao nataka muujue kabla haujawakuta: dipstiki ziko tatu. Ya injini, ya ATF, na ya difu ya mbele. Watu wanamimina ATF kwenye tundu la difu, na difu inabeba lita moja na kidogo tu. Ya difu mtaijua, oili yake ni nzito na ina harufu kali inayobaki kwenye vidole, wakati ya ATF ni nyepesi na nyekundu, na kwa sasa itakuwa haigusi hata alama ya chini. Akitoa zote tatu akazinusa na kuziangalia mwangani hatozisahau.

Mkishajaza ATF pungufu kidogo ya kilichotoka, shusheni gari chini mahali palipo sawa kabisa, hendibreki juu. Washeni. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi lazima izime ndani ya sekunde chache, isipozima au injini ikigonga, zima papo hapo. Moshi utakuwepo kidogo maana kuna oili imebaki kwenye njia ya hewa, ukipungua kadiri dakika zinavyokwenda ni sawa. Mguu ukiwa kwenye breki, kijana apitishe gia polepole, R, N, D, mpaka chini, akae sekunde kadhaa kila moja, arudi P. Injini ikiwa inaunguruma hivyo hivyo someni dipstiki ya ATF, ina alama za baridi na za moto, msichanganye. Ongezeni nusu lita, pimeni, nusu lita, pimeni. Ikizidi nayo inatoa povu kama ile ya injini.

Halafu zungukeni nayo mtaani taratibu, wewe ndo uendeshe, rudini, pimeni tena ikiwa imepata moto. Ikishika gia bila kuvuta na bila kugonga, imepona, rudieni kupima kesho yake asubuhi na mwangalie chini kama kuna tone.

Ikishika ila inateleza ukiwa unapanda mlima, au dipstiki ikianza kutoa harufu ya kuungua na ile rangi nyekundu ikageuka kahawia, hapo kweli klachi zimeumia. Nenda kwa fundi wa giaboksi za automatiki, siyo fundi wa kila kitu, na nenda na kijana, yeye ndo amueleze fundi zilitoka lita ngapi, gari ilitembea umbali gani ikiwa hivyo na mmeweka ATF gani, kwa sababu hakuna mwingine anayeijua historia ya hiyo giaboksi kumshinda yeye.